Aprili Ambayo Sikuipima

Kipimamvua cha kituo chetu pale Ishiara kilikuwa silinda ya shaba iliyochimbiwa nusu ardhini, na ndani yake faneli na chupa. Kila siku saa tatu asubuhi mtu alitakiwa kutoa ile chupa, kumimina maji kwenye bilauri yenye mistari, kuinama mpaka jicho lilingane na maji, kisha kuandika kilichosomeka. Kama chupa ilikuwa kavu aliandika sifuri. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Haikuwa kazi yangu pekee. Kituo kilikuwa kidogo, cha kufundisha wakulima, chenye darasa moja, ghala la mbegu na zizi la mbuzi wa maziwa. Mimi nilikuwa karani wa ghala. Kipimamvua nilipewa kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulisomeka. Sokoni watu waliniita Mvua. Mwaka wa kiangazi walinisimamisha njiani: "Mvua, tumekukosea nini mwaka huu?" Nami nilijibu kwamba mimi ni wa kupima tu, wa kuleta si mimi. Walicheka kila mara kana kwamba hawajawahi kulisikia jibu hilo.

Niseme kosa langu mapema, kwa sababu bila hilo mengine hayatakuwa na maana.

Kwetu Mbeere ni nchi kavu. Mvua ikinyesha hakuna anayekaa. Mbegu lazima iwe ardhini ndani ya siku mbili tatu, la sivyo udongo unakauka tena na umepoteza msimu. Mimi pia nilikuwa mkulima. Kwa hiyo siku mvua ilipoanza, siku ile hasa ambayo kipimamvua kilihitaji mtu, mimi nilikuwa shambani kwangu nimeinama na jembe. Nilikuja siku ya tatu, nikakuta maji ya siku tatu kwenye chupa moja, nikayagawa nilivyoona yanafaa: mengi siku ya kwanza, nusu yake siku ya pili, na matone siku ya tatu. Siku za jua, ambazo hazikuwa na kitu cha kupima, sikukosa hata moja.

Kuna Aprili moja nilifanya vibaya zaidi. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekodi kipande ng'ambo ya mto, tupande ndengu. Nilichukua likizo yangu ya mwaka, nikamwambia meneja asihangaike kutafuta mtu, kipimamvua nitakiangalia mwenyewe kwa kuwa ninaishi karibu. Mvua ikaja, mto ukajaa, tukalala ng'ambo wiki tatu kwenye kibanda cha nyasi. Niliporudi, chupa ilikuwa imefurika siku nyingi zilizopita na ndani ya silinda alikaa chura. Nikafungua kabati, nikatoa daftari la miaka minne nyuma, nikainakili Aprili yake nzima kwenye daftari jipya. Niliongeza nusu milimita hapa, nikapunguza moja pale, na mvua moja kubwa nikaisogeza mbele kwa siku moja ili isionekane sana. Ndengu zilikubali vizuri mwaka ule. Nilijiambia kwamba madaftari hayo hakuna atakayeyasoma.

Miaka minne baadaye, miaka ya tisini ikielekea mwisho, akaja aliyetaka kuyasoma.

Alikuwa msichana wa Meru, kutoka sehemu za juu za majani chai, mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja kule Nchiru. Alikuwa akisomea hisabati na kompyuta. Alifika mwezi wa Januari amevaa sweta nzito kwenye jua letu, akaketi ofisini kwa meneja huku akijipepea na bahasha. Yeye Kimeru, sisi Kimbeere. Lugha hizo zinasikilizana kwa mbali, lakini tuliongea Kiswahili ili asiwepo wa kumkosea mwenzake.

Wenzake chuoni, alisema, walikuwa wakiandika programu za mishahara na za kuazimisha vitabu. Yeye alikuwa na shangazi aliyeolewa huku kwetu chini, na mwaka uliotangulia shangazi huyo alipanda mtama mara mbili na mara zote mbili ukafia ardhini. Alitaka kuandika programu itakayosoma mvua ya miaka yote iliyopita, ilinganishe kila msimu na mwingine, iseme upi unafanana na upi. Kama kuna misimu inayofanana, labda kuna utaratibu, na kama kuna utaratibu, shangazi yake angejua lini atoe mbegu kwenye kibuyu.

"Na mashine inaweza hiyo kazi?" meneja akamuuliza.

"Mashine haijui mvua, mwalimu. Inajua kulinganisha tu. Lakini haichoki."

Meneja alipenda jibu hilo. Akasema madaftari yapo kumi na moja, la kila mwaka moja, ila hayatoki kituoni bila mwenye kuyaandika. Ndivyo nilivyopanda Meru na sanduku la bati, nikafikia kwa dada yangu aliyeolewa karibu na Makutano, na kila siku nikawa naenda Nchiru na kurudi.

Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani stoo ya viti. Mashine zilikuwa sita, zilizotolewa na wafadhili baada ya wao kuzitumia miaka mingi, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe kilichoshonwa pembeni kwa uzi mwekundu kama kitambaa cha kochi. Mlangoni kulikuwa na safu ya viatu.

"Mzee, viatu," akaniambia.

"Vina nini?"

"Vina vumbi la Ishiara. Mashine zikila vumbi zinakufa."

"Sisi tunalila tangu tuzaliwe na hatujafa."

"Nyinyi hamkuletwa na wafadhili."

Nikavua. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu na kidole kikubwa kilitokeza chote. Alikiona, akageuka kufunua mashine. Kesho yake ndipo aliposema: "Leo kidole kimelala?"

Disketi zake alizitunza ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, zimeviringishwa kwenye kitambaa cha kichwa. Kila mwanafunzi alikuwa na zamu ya saa mbili kwa siku, na zamu yake ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Alitaka tusipoteze hata dakika. Mimi nilisoma, yeye akapiga chapa bila kutazama vidole. "Machi, tarehe moja, sifuri. Mbili, sifuri. Tatu, kumi na mbili nukta nne." Herufi za kijani zilitokea kwenye kioo cheusi moja baada ya nyingine. Kila mwezi ulipokwisha alisimama, akauhifadhi kwenye disketi, mashine ikakoroma kidogo, ndipo aliposema, "Haya, Mzee, mwezi mwingine." Desturi hiyo ilianza baada ya stima kupotea siku ya kwanza, tukapoteza miezi minne ambayo hakuwa ameihifadhi. Nilidhani atalia. Alijifunika uso kwa viganja, kisha akasema, "Tutoke nje tukanywe chai, halafu unisomee tena. Safari hii usome kama mtu wa redio."

Chai alilipa yeye, kwenye kioski nje ya lango, na maandazi. Nilijaribu kulipa akakataa, akasema mimi ni mgeni wa mradi. Nimekunywa chai nyingi maishani, na kwa watu wenye uwezo kuliko msichana yule. Sijanywa iliyonipa heshima kama ile.

Siku ya nne tulifika daftari la nane. Nilipoanza kuisoma Aprili yake, nilisikia sauti yangu ikisema namba nilizokuwa nimezisema siku mbili nyuma kutoka daftari la nne. Sikuwa nimefikiria jambo hilo kabla. Kunakili kwa kalamu ni kimya, lakini kusoma kwa sauti mbele ya mtu ni jambo jingine. Kumi na nane nukta tano. Thelathini na moja. Sifuri. Saba. Sauti ikashuka.

"Mzee, ongeza sauti, sikusikii."

Nikaongeza. Hiyo ilikuwa nafasi ya kwanza, nikaipita.

Kazi ya kusoma ilipokwisha alichukua siku mbili kurekebisha programu yake, kisha akaniita niione ikifanya kazi. Alibonyeza, na kwenye kioo vikaanza kutokea vitone, kimoja, kimya kirefu, kingine. Alisema kila kitone ni misimu miwili imelinganishwa. Tukaenda kunywa chai tukarudi, vitone bado vinakuja. Halafu kioo kikasafika na orodha ikatokea. Kila jozi ya misimu ilikuwa na namba yake, na namba ikiwa ndogo maana yake misimu hiyo inafanana. Nyingi zilikuwa kubwa na zilikaribiana. Ya juu kabisa peke yake ilikuwa ndogo sana, mbali na wenzake, kama mbuzi mmoja aliyetangulia kundi. Ilikuwa Aprili ya daftari la nne na Aprili ya daftari la nane.

Alishika mdomo. Akaiendesha programu mara ya pili, tukangoja tena, na jibu likawa lile lile.

"Miaka minne," alisema polepole. "Ya nne, ya nane. Na mwaka huu ni wa kumi na mbili. Mzee, Aprili inayokuja."

"Haiwezi kuwa bahati tu?"

"Bahati haigongi karibu hivi. Tazama nyingine zilivyo mbali." Akanigeukia. "Misimu mingine haijirudii na sijui kwa nini, itabidi nieleze. Lakini wewe ulikuwepo. Ulipima kwa mkono wako. Hizo Aprili mbili zilifanana kweli?"

Alikuwa ananiuliza mimi kama mtu anayeuliza shahidi. Kulikuwa na wanafunzi wawili kwenye mashine za nyuma, na mmoja alikuwa ameacha kupiga chapa ili asikie. Nikasema, "Zilifanana."

Katika yote niliyoyafanya, neno hilo ndilo ninalolijutia zaidi. Kunakili kulikuwa uvivu na tamaa ya ndengu. Neno lile nilimwambia mtu aliyeniamini, uso kwa uso.

Nikarudi Ishiara na sanduku langu. Baada ya wiki mbili barua yake ilifika kwa meneja. Mhadhiri wake alikuwa amefurahi na angemsikiliza mbele ya idara nzima Ijumaa ya kwanza ya Machi. Kama yote yangeenda sawa, kazi yake ingepelekwa Nairobi kwenye mkutano wa wanafunzi wa vyuo. Na yeye aliomba jambo moja: kabla ya mvua aje kituoni awaambie wakulima kile mashine ilichokiona, kwamba mvua ya Aprili ingeanza mapema, tarehe tatu, na mbegu zingefaa kuwa zimeshafukiwa kwenye vumbi siku mbili kabla. Meneja alinisomea barua kwa furaha. Akasema kituo chetu kitajulikana.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, nilimkuta mke wangu mlangoni akipukuchua mbaazi. Nikamweleza habari za barua kana kwamba ni habari njema. Alisikiliza mikono ikifanya kazi.

"Hiyo Aprili ya pili," akasema, "si ndiyo ya zile ndengu?"

"Ndiyo."

"Tulilala ng'ambo wiki tatu."

"Ndiyo."

"Ulipima na nini, jembe?"

Akamwaga maganda pembeni.

"Na huyo msichana alikuwa anakunywesha chai?"

"Kila siku."

"Basi shangazi yake atapanda mara ya tatu," akasema, "na safari hii atakuwa amepandishwa na wewe." Akaendelea na mbaazi. Hakuongeza neno, wala kesho yake hakuongeza. Angenigombeza ningepata cha kujibu. Nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi, Jumanne ya wiki ile ya kusikilizwa kwake, nilimwomba meneja ruhusa, nikabeba sanduku la madaftari na kupanda Meru.

Nilimkuta kwenye chumba cha kompyuta akichapisha ripoti. Printa ile ilipiga kelele kama mashine ya kusaga, ikitema karatasi ndefu iliyojikunja yenyewe, yenye matundu pembeni pande zote mbili. Aliponiona alifurahi, akaniashiria ningoje imalize. Nikasimama na soksi zangu, nzima siku hiyo, nikiangalia uongo wangu ukitoka mstari baada ya mstari, kwa wino mzuri. Ilichukua muda mrefu. Ilipokaa kimya masikio yaliendelea kuvuma.

"Umekuja kusikiliza, Mzee? Ni Ijumaa, umewahi."

"Nimekuja kukwambia kitu. Aprili ya daftari la nane sikuipima."

Alikuwa akichana zile pembe zenye matundu. Hakuacha. Nikamweleza yote, ng'ambo ya mto, ndengu, chura, kabati. Alichana ukurasa mmoja, akaweka, akachukua mwingine, taratibu, kama mtu anayeogopa kuharibu.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema zilifanana."

"Zilifanana kwa sababu..."

"Usinichekeshe, Mzee. Leo usinichekeshe."

Akaweka karatasi chini, akatoka. Nilimwona kupitia dirishani ameketi kwenye ngazi, viatu mkononi, hakuvivaa. Nilifikiri kwamba atakwenda kwa mhadhiri, na mhadhiri atamwandikia meneja, na nilikuwa tayari. Mvulana wa zamu iliyofuata akaja akamuuliza kama amemaliza, akamjibu bado, na yule akaenda zake baada ya kuona uso wake.

Aliporudi hakuketi.

"Madaftari unayo?"

"Yako kwenye sanduku."

"Yote?"

"Yote kumi na moja."

"Maana kama uliinakili moja, kuna nyingine."

Hapo nikamwambia na ile habari ya siku za kupanda, jinsi nilivyoyagawa maji ya siku tatu. Hili sikuwa nimepanga kulisema. Akafungua begi akatoa kalamu nyekundu, akanipa.

"Weka alama kila siku ambayo hukuona maji kwa macho yako. Usinionee huruma wala usijionee. Kama hukumbuki, weka alama."

Niliketi kwenye kona ya chumba kile siku mbili. Watu waliingia wakatoka kwa zamu zao. Nilianza nikidhani nitakumbuka siku ishirini, thelathini. Lakini mkulima hukumbuka siku zake za kupanda, hata za miaka kumi nyuma. Huu ni mwaka wa mbegu za kunde kuliwa na kware. Huu ni ule tuliokopa ng'ombe wa kulimia. Kila nilipokumbuka siku nilipokuwa shambani, nilijua siku hiyo sikuwa kwenye kipimamvua. Alama zikazidi. Zilikaa pale pale mvua ilipokaa. Kurasa za kiangazi zilibaki safi, sifuri juu ya sifuri, zote za kweli.

Jumatano alasiri alikuja akasimama nyuma yangu akatazama. Nilisikia akihesabu kwa pumzi. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida ambayo sikuwa nimeisikia tangu jana yake:

"Mzee, hivi wewe miaka yote hii ulikuwa unapima jua."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba amekasirika. Lakini alikuwa ameshacheka. Ninamshukuru kwa kicheko kile hadi leo. Jioni ile nilikula chakula cha dada yangu nikahisi ladha yake.

Alhamisi tulikaa pamoja. Wenzake wawili walimpa zamu zao. Mimi nilisoma tarehe zenye alama, yeye akaondoa namba na badala yake akaandika alama ya kutoa na moja, ambayo programu ingeielewa kuwa hapa hakuna anayejua. Akaiendesha upya. Vitone, chai, vitone. Orodha ilipotokea, namba zote zilikuwa zimekaribiana. Hakuna iliyotangulia kundi.

"Basi hakuna kitu," nikasema.

"Kipo kidogo. Hakitoshi cha kumwambia mtu apande." Akakaa akitazama kioo. "Lakini programu ilikuwa sawa, unajua? Niliiambia initafutie misimu miwili inayofanana kuliko yote, ikaipata. Ilikuwa msimu mmoja. Mimi ndiye sikuelewa jibu."

"Mimi ndiye nilikudanganya."

"Ndiyo," akasema. "Hilo pia."

Ijumaa aliniambia nije nikae nyuma, na kwamba hatanitaja. Kulikuwa na wahadhiri wanne na wanafunzi labda thelathini. Alisimama na karatasi chache tu. Alieleza programu, akaeleza ilivyompa jibu zuri, akaandika namba ile ndogo ubaoni. Kisha akasema jibu lile lilikuwa la uongo, akaeleza lilivyotokea, akafuta namba na kuandika orodha mpya ambayo haikusema chochote. Alisema kama angeanza tena, angeandika kwanza programu ya kutafuta siku za kutilia shaka, ndipo ailinganishe mvua. Mhadhiri wake alikuwa amekunja uso tangu namba ilipofutwa.

"Na huyo msomaji wa kipimamvua ni nani?" akauliza.

"Ni mkulima, mwalimu. Mvua ilipokuwa ikinyesha alikuwa akipanda. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuniambia."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Mwanafunzi mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Hata babangu angepanda." Hapo ilifaa nisimame niseme ni mimi. Magoti yangu yalikuwa mazima siku hizo. Nilikaa nikiangalia mgongo wa kiti cha mbele mpaka swali lingine likaulizwa. Nimeshayatubu mengi ya hadithi hii, lakini hilo la kukaa bado linanijia ninapovaa viatu vya kanisani.

Alifaulu, lakini hakuwa wa kwanza. Kazi iliyopelekwa Nairobi ilikuwa programu ya kuazimisha vitabu ya mwenzake. Nafasi ile ilikuwa yake, na mimi ndiye niliyemnyang'anya. Yeye hakuwahi kuniambia hivyo, nilijua mwenyewe.

Kwa meneja nilikwenda Jumatatu kabla hajasikia kwa mwingine. Aliniandikia barua ya onyo, nikaitia sahihi. Akaniuliza kama nadhani ninafaa kuendelea na kipimamvua. Nikasema nafikiri sasa ndipo ninapofaa, lakini ikinyesha siku ya kupanda nitahitaji mtu wa kunishikia. Akapanga kwamba siku hizo mpishi wa kituo apime, kwa sababu shamba lake lilikuwa mbali na lilikuwa mikononi mwa wanawe.

Msichana alikuja Ishiara katikati ya Machi kama alivyoomba, ingawa hakuwa na tarehe ya kuwapa wakulima. Walijaa darasa. Aliwaambia waziwazi kwamba mashine haikupata jibu kwa sababu mvua haikuandikwa vizuri, akasimamia hapo bila kunigusa kwa jicho. Kisha akatoa kopo lenye pande zilizonyooka na rula, akawaonyesha jinsi mtu anavyoweza kupima kwake nyumbani. "Andika ulichokiona," akasema. "Kama hukutazama, usiandike sifuri. Andika sikupima. Hiyo si aibu, ni habari." Shangazi yake, mama mnene mwenye sauti kubwa, alikuwa mbele. Akamwambia, "Mwanangu, yaani umesoma miaka yote hiyo uje utuambie tutazame kopo?" Darasa likapasuka kwa kicheko. Lakini alilibeba lile kopo alipokwenda.

Aprili ile mvua ilianza tarehe kumi na sita. Nilipima mwenyewe, saa tatu kamili, jicho limelingana na maji, milimita ishirini na mbili. Shangazi alikuwa bado na mbegu zake kwenye kibuyu. Alizitoa siku iliyofuata, akapanda mara moja tu.

Mwishoni mwa mwaka bahasha nene ilifika kituoni kwa jina langu. Ilikuwa nakala ya ripoti yake, kwenye karatasi ile ile ndefu, pembe zimechanwa vizuri. Sikuelewa sehemu kubwa ya yaliyokuwa ndani. Lakini ukurasa wa kwanza, pale wanapowashukuru watu, baada ya mhadhiri na wazazi na shangazi, alikuwa ameandika: "Na msomaji wa kipimamvua wa Ishiara, kwa kunisomea madaftari yake mara mbili."

Nilimsomea mke wangu. Akasema, "Mara mbili. Ana adabu huyo." Tangu hapo ripoti imekaa ndani ya sanduku la bati, juu ya vyeti vyangu.

Nilipostaafu niliweka kopo langu nyuma ya nyumba, kwenye kigingi, mbali na miti. Nina madaftari mengine sasa, na hakuna aliyeniomba niyaandike. Kuna kurasa zenye milimita, kuna za sifuri, na neno lile alilotufundisha linatokea mara nyingi zaidi kadiri miaka inavyopita. Leo kumekucha na mvua nzuri, ya kupanda. Nimeisikia juu ya bati nikiwa kitandani, na nimekisia kimoyomoyo kumi na tano, labda kumi na nane. Lakini magoti yamekataa, na kabla sijapata wa kumtuma, kuku wamelipindua kopo. Nimevuta daftari, nimeandika tarehe, na mbele yake: sikupima.